Reli ya Karanga na Tramu za Mbali: Historia ya Njia za Chuma Zilizong'olewa

Kijana aliyezaliwa Chilangala, Newala au Masasi baada ya 1962 hajawahi kusikia honi ya treni kwao. Ramani za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki za miaka ya 1950, hata hivyo, zinaonyesha mstari mweusi unaotoka Mtwara, unaingia bara na kuishia Nachingwea, ukiwa na tawi la kwenda Masasi. Katika ramani ya leo mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma haina hata kilomita moja ya reli. Mstari ule ulichorwa, ukajengwa, ukatumika miaka michache, kisha ukafutwa.

Wapo wanaosema reli hiyo ilikufa kwa sababu kusini kulikuwa nyuma mno kiasi cha kutoweza kuilisha. Historia haikubaliani nao. Katika miaka ile ile miji ya Marekani, iliyokuwa tajiri kuliko yote duniani, ilikuwa inang'oa reli zake za umeme na kuziuza kama vyuma chakavu. Kabla ya hapo Unguja na Mombasa zilikuwa zimekwisha kupata na kupoteza reli zao za mjini. Ukiziweka njia hizi pamoja, unaona ugonjwa mmoja uliozimaliza karibu zote: kila moja ilijengwa kwa ajili ya haja ya mtu fulani, na haja hiyo ilipokwisha, waliobaki kando ya njia hawakuulizwa.

Safari za miguu na vigari vya Mingoyo

Kabla ya gurudumu, bonde la mto Lukuledi lilikuwa barabara ya watu wa miguu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitembea kutoka Lindi hadi Masasi akiwa na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi ambayo yangekuwa kitovu cha Uanglikana kusini. Chumvi, nguo, vitabu na kengele za kanisa vilipanda bara juu ya vichwa na mabega. Wamisionari Wabenediktini walipokwenda kujenga Ndanda mwaka 1906 walitegemea mabega hayo hayo.

Vita Kuu ya Kwanza vilionyesha jinsi mzigo huo ulivyokuwa mzito. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana kusini, na katikati ya Oktoba yakakutana Mahiwa, katika moja ya mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi kadhaa, na katika vita vyote hivyo wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Ndipo ikatandikwa reli nyembamba ya vigari kutoka Mingoyo, karibu na Lindi, kuelekea Masasi. Haikuwa na fahari yoyote. Vigari vilisukumwa na watu. Hata hivyo kigari kinachosukumwa na watu wachache juu ya chuma hubeba mzigo wa wapagazi wengi, na baada ya vita njia hiyo iliendelea kutumika katika miaka ya 1920 kabla ya kuachwa. Hiyo ndiyo reli ya kwanza ya watu wa Masasi. Ilizaliwa na haja ya jeshi, na jeshi lilipoondoka hakutokea wa kuigharamia.

Mombasa na Unguja: reli za mjini

Mombasa ilikuwa na vigari vyake pia, ila hivi vilibeba mabwana. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kujenga reli nyembamba kutoka pwani ikitangaza kwamba itafika maziwa makuu. Ilikwama baada ya kilomita chache. Mataruma na vyuma vilivyobaki vikatandikwa katika mitaa ya kisiwa cha Mombasa, kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini. Kwa zaidi ya miaka ishirini maofisa, wafanyabiashara na wake zao walipita wamekaa chini ya paa dogo la turubai huku vijana wakiwasukuma kutoka nyuma. Nyumba za wakubwa zilikuwa na vijia vyao vya reli vilivyoingia hadi uani. Magari ya petroli yalipofika, wakubwa walihamia humo, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 reli za mitaani zikatoweka. Waliosukuma walikuwa wakitembea kwa miguu tangu mwanzo, na waliendelea kutembea.

Unguja ilitangulia kwa mvuke. Sultani Barghash bin Said alijenga reli ya kiasi cha kilomita 11 kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na wanyama, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikaja injini ndogo iliyotengenezwa Uingereza na kiwanda cha Bagnall. Barghash alifariki mwaka 1888 na reli yake ikafa naye. Kama njia nzima inampeleka mtu mmoja nyumbani kwake, uhai wake utakuwa sawa na umri wa mtu huyo.

Reli ya pili ya Unguja ilikuwa na sura nyingine, na ndiyo inayotuunganisha moja kwa moja na Marekani. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, iliyokuwa ikinunua pembe za ndovu katika pwani yetu, ilipata kibali cha kujenga reli kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu. Treni ilianza kazi mwaka 1905. Kampuni hiyo hiyo ilileta pia taa za umeme mjini. Kwa Wamarekani wa wakati ule jambo hilo halikuwa la ajabu, kwani kwao reli ya mjini na umeme vilikuwa biashara moja.

Treni ya Bububu ilikuwa ya abiria hasa. Ilipita Darajani katikati ya maduka, karibu sana na milango ya nyumba, ikitema moshi na cheche. Ilichukua wachuuzi, wakulima wa shamba na mboga zao, na mabaharia waliotaka kuona mashamba ya karafuu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Barabara za magari zilipotengenezwa, abiria wakapungua, na huduma yao ikasimamishwa mwaka 1922. Kwa miaka michache tena ilibeba mawe na kifusi, na mwaka 1928 ikafungwa kabisa. Njia ya mjini iliyobeba watu wa kawaida katika pwani yetu ilikuwa hii, nayo iliuawa na barabara iliyopita pale pale ilipopita yenyewe.

Umeme wa Richmond na ardhi ya Los Angeles

Wamarekani waliokuja Bububu walitoka katika nchi iliyokuwa imeshikwa na homa ya tramu. Mwaka 1888 Frank Sprague, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwa Thomas Edison, aliwasha mfumo wa tramu za umeme katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Waya ulining'inizwa juu ya barabara, na tramu iliugusa kwa mti mrefu wenye kigurudumu juu ya paa. Richmond ina vilima vilivyokuwa vikiwashinda farasi. Tramu za Sprague zilivipanda, na baada ya miaka michache miji mingi ya Amerika Kaskazini ilikuwa imewaondoa farasi mitaani. Boston ilizamisha tramu zake chini ya ardhi mwaka 1897, na New York ikafungua reli ya chini kwa chini mwaka 1904.

Waliojenga njia hizi mara nyingi hawakuwa wakitafuta nauli peke yake. Makampuni ya umeme yalitaka mteja wa mchana, kwa kuwa taa huwashwa usiku tu, na tramu ilikuwa mteja huyo. Wengine walikuwa madalali wa ardhi. Henry Huntington alianzisha Pacific Electric huko Los Angeles mwaka 1901, akatandika reli hadi katika mashamba matupu, kisha akauza viwanja kando ya njia. Viwanja vilipokwisha kuuzwa, faida kubwa ikawa imeshapatikana, na treni ikabaki na hasara ya kila siku.

Hapo mambo mengi yalikutana. Mikataba ya miji ilibana nauli isipande, katika miji mingi senti 5, hata baada ya bei za vitu vingine vyote kupanda. Magari binafsi yaliongezeka na kuziba mitaa ambamo tramu ilipaswa kupita. Sheria ya mwaka 1935 iliyabana makampuni makubwa ya umeme, na mengi yakaachana na tramu zake. Kampuni ya National City Lines ilinunua mifumo ya miji mingi na kuweka mabasi, na mwaka 1949 mahakama ikazitia hatiani General Motors, Firestone na wenzao kwa kula njama ya kuhodhi mauzo ya mabasi na vifaa kwa kampuni hiyo. Wanahistoria wengi hawakubali kwamba njama hiyo peke yake iliua tramu, kwa sababu zilikuwa zimeanza kuugua mapema. Safari ya mwisho ya Pacific Electric, ile ya Long Beach, ilikuwa Aprili 1961.

Mwaka mmoja baadaye ikafuata zamu ya Nachingwea.

Reli ya karanga

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine na kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukumbatia mpango huo. Ukasema zitafyekwa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini. Jimbo la Kusini ndilo lililopangiwa mashamba mengi kuliko mahali pengine popote, na Nachingwea ikachaguliwa kuwa makao yake.

Karanga nyingi hivyo hazibebeki kichwani. Zilihitaji bandari yenye kina kirefu, na Lindi na Mikindani hazikutosha. Kwa hiyo kukapangwa bandari mpya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, zaidi ya kilomita 200. Kwa kuwa bandari ingechukua miaka, gati la muda lilijengwa Mkwaya karibu na Lindi, na treni za kwanza zikaanza kupanda bara kutoka huko mwaka 1949.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa muda mfupi ilionekana hivyo. Zilipatikana ajira, maduka, zahanati na shule. Vijana wa Umakondeni waliozoea kwenda mbali katika mashamba ya mkonge sasa walipata kibarua karibu na kwao. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umechorwa kwa haraka London. Kongwa udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, ukala majembe ya trekta, na mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye makaratasi. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango na kukubali hasara ya pauni milioni 36.

Bandari ya Mtwara na kipande cha reli kilichoiunganisha na njia ya Nachingwea vilikuwa bado havijakamilika. Vilifunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya shehena yake kufutwa. Ni reli chache duniani zilizopokea abiria wao wa kwanza zikiwa zimekwisha kuwa mayatima namna hiyo.

Hata hivyo treni iliendelea kufanya kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 tawi la Masasi likaongezwa. Sasa ilibeba kile ambacho wenyeji walikuwa nacho kweli: korosho, ufuta, mihogo, na watu. Shida ilikuwa hesabu. Njia ilikuwa imejengwa kwa kipimo cha mamilioni ya ekari za karanga, na mapato ya korosho za wakulima wadogo yalipimwa kwa kipimo hicho hicho. Korosho huja kwa msimu, na malori yalizifuata hadi kijijini. Reli ilipita mabondeni upande wa kaskazini, ikawaacha watu wa Newala juu ya uwanda wao wakitazama bonde la Ruvuma upande wa pili. Mkulima wa Chilangala aliyetaka kupeleka magunia stesheni alipaswa kwanza kutafuta lori la kuyashusha, na akishalipata lori, kwa nini ayashushe njiani? Mwaka 1962 Shirika la Reli liliifunga njia nzima kwa sababu ya hasara. Vyuma viling'olewa.

Hasara hiyo ilihesabiwa kwa vitabu vya reli tu. Hakuna aliyeandika upande wa pili wa daftari gharama ambayo kusini ingelipa kwa miaka arobaini iliyofuata: barabara zilizokatika kila masika, safari za meli, na foleni za kivuko cha Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mgonjwa wa kupelekwa Ndanda au mwanafunzi wa kwenda Dar es Salaam hakuwa na safu yake katika hesabu zile.

Mpango wa karanga uliacha alama nyingine Nachingwea. Shamba namba 17 la mpango huo likaja kuwa kambi ambamo FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliwafunza wapiganaji wake, Samora Machel akiwa miongoni mwa viongozi wa mafunzo. Ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya meza za Waingereza ikasaidia kuikomboa Msumbiji.

Waliong'oa na walioacha

Miji ya Amerika Kaskazini haikufanana yote katika miaka ile. Toronto ilikuwa imepanga kuondoa tramu zake, lakini wananchi walipinga, na mwaka 1972 uamuzi ukabadilishwa. Tramu zinapita hadi leo. New Orleans ilibaki na njia ya St. Charles, ambayo mwanzo wake ni 1835. Waliong'oa walianza kujuta baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970. Edmonton ilifungua reli nyepesi ya umeme mwaka 1978, na San Diego na Calgary mwaka 1981. Los Angeles ilirudisha treni ya Long Beach mwaka 1990, na sehemu kubwa ya njia hiyo mpya ilipita juu ya tuta lile lile la Pacific Electric. Iliwezekana kwa sababu kati ya 1961 na 1990 ukanda ule wa ardhi haukugeuzwa mtaa wa nyumba, kwani treni za mizigo ziliendelea kuutumia.

Dar es Salaam ina funzo kama hilo. Wajerumani walianza Reli ya Kati mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mji ulikuwa umelizunguka tuta lao, na foleni za magari zimefunga kila barabara. Oktoba 2012 mabehewa ya abiria yakaanza kukimbia kati ya Stesheni na Ubungo juu ya njia hiyo, na TAZARA, reli ya kwenda Zambia, nayo ikaanzisha treni ya mjini upande wake. Wakazi wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Haikuhitaji kununua kiwanja hata kimoja. Njia ilikuwapo, ikisubiri mtu aone kwamba mjini kuna abiria.

Gesi ya kusini, treni ya kaskazini

Treni ya umeme hatimaye imefika Tanzania. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Ina uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa, ikivuta umeme kutoka kwenye waya wa juu kwa kanuni ile ile aliyoitumia Sprague, ingawa kwa nguvu kubwa zaidi. Njia maalumu ya kilovolti 220 ilijengwa kutoka Kinyerezi kuilisha.

Kinyerezi huzalisha umeme kwa gesi asilia, na sehemu ya gesi hiyo inatoka Mnazi Bay, Mtwara, ikisafishwa Madimba na kusafiri katika bomba lililozinduliwa mwaka 2015. Wakazi wa Mtwara waliandamana mwaka 2013 wakiuliza kusini kutabaki na nini bomba likishapita. Mwanahistoria anaona mpangilio anaoujua: shehena imepata njia yake, nayo haina stesheni njiani. Umeme sasa unatoka pia katika Bwawa la Julius Nyerere na kwingineko, hivyo si haki kusema treni ya Dodoma inakula gesi ya Mtwara peke yake. Lakini inaila, na mkoa unaotoa gesi hiyo hauna treni.

Kwa miaka mingi sasa serikali imekuwa na mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kiasi cha kilomita 1,000, pamoja na matawi ya Liganga penye chuma na Mchuchuma penye makaa ya mawe. Ikijengwa, itarudisha treni kusini baada ya zaidi ya miaka sitini. Ila hoja inayotajwa kwanza kila mpango huu unapojadiliwa ni madini. Zamani tuliambiwa karanga.

Madini si kosa. Reli inahitaji shehena nzito ili ijilipe, na makaa hayana msimu kama korosho. Hatari iko katika vipimo. Kama vituo, ratiba na nauli vitapangwa kwa ajili ya mgodi peke yake, siku bei ya chuma duniani itakapoporomoka mtu fulani ofisini atafungua daftari na kuifunga njia, kama ilivyofanyika mwaka 1962. Wanaochora reli hiyo wanapaswa kujibu mapema maswali ambayo wachoraji wa reli ya karanga hawakuulizwa. Korosho za Newala na Tandahimba zitashuka vipi hadi stesheni bila lori kuwa mshindani wa treni badala ya mshirika wake? Behewa la abiria litasimama Masasi mara ngapi kwa wiki? Na shehena ikipungua, nani kisheria atalilinda tuta lisigawanywe viwanja hadi siku treni itakapohitajika tena? Toronto ilijibu maswali ya namna hii mapema, na watu wake hupanda tramu kwenda kazini. Los Angeles ilichelewa kuyajibu, ikalipa upya kujenga kilichokuwapo. Majibu ya kusini yanapaswa kuandikwa ndani ya mkataba, kabla ya taruma la kwanza kulazwa.